Asiye na Mwenzake Kijijini

Watu wa kijijini walimwita Sista, na hakuna jina alilolichukia Ottilia Kinunda kuliko hilo. Hakuwa sista. Alikaribia kuwa, akaishia mlangoni. Ujana wake aliumalizia utawani huko juu milimani, akifua, akiimba, akijifunza kutembea bila kisigino kusikika, mpaka asubuhi moja Mama Mkuu alipomwita na kumwambia kwa upole mwingi kwamba hana wito. Mtu akifukuzwa kazi huambiwa kosa lake, akalikana au akaliombea radhi. Ottilia aliambiwa amekosa kitu ambacho hata masista wenyewe hawakuwahi kumwonyesha kikoje. Akafunga kisanduku chake, akarudi kwa baba yake.

Kwao nako hakukukalika. Baba yake alikuwa na kahawa na shamba zuri la ngolo, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo yaliyopangwa mteremko mzima, na kazi haikukosekana. Kilichokosekana ni mahali pa kumweka huyu binti. Mke wa mtu si yeye, mtawa si yeye, na msichana mdogo hakuwa tena. Wanawake wenzake wakiwa katikati ya mazungumzo ya waume zao, akitokea yeye waligeuza habari, wakaanza kusifia mahubiri ya Jumapili. Vijana walimwamkia kama wanavyomwamkia mkwe. Basi Serikali ilipotafuta wanawake wa kusomea maendeleo ya jamii, Ottilia aliomba mbio mbio, akasoma, akafaulu, na mwaka wa sabini na tatu akateremshwa ziwani, katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Lundo. Alipewa cheo cha Bibi Maendeleo, baiskeli, na nyumba ya bati yenye vyumba viwili.

Kijiji kilikuwa bado kinanuka udongo mbichi. Watu walitolewa katika vitongoji vyao vya kandokando ya ziwa, kaya tatu hapa, kaya tano pale, wakapangwa kwa mistari pembeni mwa barabara, na usiku walevi walikosea milango. Wazee walinung'unika kwamba mtumbwi sasa umelala mbali na mwenyewe. Bibi Maendeleo alipita nyumba kwa nyumba akifundisha uji wa lishe na vyoo vya shimo. Walimsikiliza kwa adabu, wakamtolea kigoda, wakajibu kila alichouliza, wakamsindikiza mpaka njiani. Hapo wakaagana naye. Jioni ikifika, moshi ukifuka nyuma ya kila nyumba na watoto wakizunguka sinia la ugali wa muhogo huku mikono ikigongana, Ottilia alikuwa anapuliza moto wake mwenyewe, sufuria moja, sahani moja. Hakuwa na kinyongo na mtu. Alikuwa mpweke tu, na upweke ulimkaa kooni zaidi wakati wa kula.

Kinyasa, lugha ya watu wa ziwani, alikijua haraka, maana mtu asiye na wa kuongea naye husikiliza sana. Alikiongea kwa lafudhi ya Kimatengo iliyowavunja watoto mbavu, naye wakimcheka alifurahi, kwa kuwa angalau hapo walikuwa wameacha adabu. Lakini cheko lenyewe lilidumu mpaka mama mmoja alipoita kutoka jikoni, "Mwacheni Sista apumzike!" Wakatawanyika.

Kiangazi cha mwaka uliofuata, Landrova ya Serikali ilimshusha mgeni mbele ya ofisi ya kijiji. Alikuwa Daktari Rukia Shemdoe, Msambaa wa Lushoto aliyekwenda kusoma ng'ambo mambo ya nafsi ya binadamu, mwanamke mrefu mwenye miwani na kicheko cha ghafla. Watoto waliposikia neno daktari walificha mikono makwapani wakijua ni sindano. Haikuwa sindano. Daktari Rukia alikuwa anafanya utafiti juu ya afya ya akili ya watoto na vijana. Alikuwa na wenzake katika nchi nyingine, kila mmoja kwao, wote wakiuliza maswali yale yale, ili waone kama huzuni ya mtoto wa ziwani inafanana na huzuni ya mtoto wa mjini au wa Ulaya. Hapa alitaka hasa kujua kama kuhamishwa kumewaumiza watoto. Maswali yenyewe yalikuwa machache. Ukicheza unamchagua nani? Ukiwa na siri unampa nani? Na la mwisho: hapa kijijini, nani hana mwenzake?

Watoto wadogo hawakujua Kiswahili, na wakubwa walikijua kile cha darasani, cha kusimama wima na kuitikia ndiyo mwalimu. Mwalimu mwenyewe hakufaa kutafsiri; fimbo yake ilifahamika. Mwenyekiti wa kijiji akamtoa Bibi Maendeleo. Na kwa kuwa hapakuwa na nyumba ya wageni, Daktari akapelekwa kulala kwa huyo huyo Bibi Maendeleo.

Jioni ya kwanza Ottilia aliazima sahani ya pili kwenye duka la ushirika. Daktari akaitazama, akaiweka kando.

"Dada, sisi ni wawili tu. Sahani mbili za nini? Weka yote hapa."

Mmoja akasema bismillahi, mwingine akapiga ishara ya msalaba, wakaingiza mikono. Ottilia alikuwa amesahau kwamba samaki huchukua muda mrefu zaidi kuliwa mkiwa wawili, kwa sababu ya maneno. Daktari alisimulia habari za wanawe wawili aliowaacha kwa mama yake, na mumewe ambaye akiulizwa kazi ya mkewe hujibu kwamba anafundisha. Ottilia naye, siku ya tatu au ya nne, akatoa habari ya Mama Mkuu na wito. Hakuwahi kumwambia mtu. Alidhani atalia, badala yake Daktari akauliza, "Sasa huo wito ungeujuaje, unakuja na kengele?" wakacheka mpaka Ottilia akashika mbavu, na jirani wakanyamaza wasikie kuna nini kwa Sista.

Akawa anapika kama mtu aliyeletewa posa. Akaamka akiimba. Alimpenda Daktari kama unavyompenda mtu aliyekukuta na kiu akakupa maji bila kukuuliza umetoka wapi.

"Wewe una bahati," Daktari alimwambia siku moja walipokuwa wanatoka kisimani, baada ya kuamkiwa na kila waliyepishana naye. "Mimi Dar es Salaam naishi na jirani nisiyemjua jina. Wewe kijiji kizima ni chako."

Hapo ndipo Ottilia angesema neno, naye hakusema. Tusimhukumu upesi. Daktari alimwona mwanamke mwenye watu wake, na Ottilia, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aliwekwa mahali. Alitamani abaki hapo machoni mwa yule mama, hata kama ni kwa wiki chache, hata kama si kweli.

Mahojiano yalifanyika katika stoo ya duka la ushirika, penye harufu ya mafuta ya taa na magunia matupu ya chumvi. Watoto walipanga foleni nje wakisukumana. Wa kwanza kuingia alikuwa Rosa, wa miaka saba hivi, mwenye pengo mbele. Kucheza alimchagua dada yake. Siri alimpa bibi yake, kisha akaitoa siri yenyewe hapo hapo, ilihusu yai. Ottilia akauliza la mwisho kwa Kinyasa: hapa kijijini, nani hana mwenzake?

Rosa hakufikiri. Alinyoosha kidole mpaka kikagusa gauni la Ottilia.

"Wewe," alisema. "Unakula peke yako."

Hakuwa na ubaya wowote, yule mtoto. Ameulizwa, amejibu. Ottilia alisikia masikio yakipata moto. Daktari alikuwa ameinamisha kichwa anaandika jibu la siri, na kidole hakukiona.

"Amesema nani?" Daktari aliuliza, kalamu ikingoja.

Dirishani, ng'ambo ya uwanja, msichana mmoja alikuwa anatandaza usipa, dagaa wa ziwani, kwenye kichanja cha kukaushia. Alikuwa Kunigunda, binti wa Mansuetus mchonga mitumbwi, wa miaka kumi na moja hivi. Alikuwa peke yake kwa sababu wenzake wote wako kwenye foleni.

"Kunigunda," alisema Ottilia.

Jina lilitoka lenyewe. Daktari akaliandika, akamshukuru Rosa, akamwita mwingine. Ottilia akajiambia ni jina moja tu, katika watoto wote hawa litapotea. Aliyefuata alimtaja babu mmoja kipofu, na moyo wa Ottilia ukatulia. Aliyefuata baada ya huyo akasema, "Sista." Ottilia akatafsiri, "Kunigunda." Angeweza kubadilisha majina, lakini mwongo asiyezoea hushika njia moja asije akapotea.

Siku hiyo, na ya pili yake, na ya tatu, watoto waliingia wakamtaja yeye mbele ya uso wake. Si wote, ila walikuwa wengi mno. Na kila mmoja alikuwa na sababu, kwa kuwa Daktari alitaka sababu. Huyu alisema Sista anaongea na kuku. Yule alisema akiumwa hakuna wa kumchotea maji. Evarist, mtoto wa balozi wa nyumba kumi, alisema kwa sauti ya kikubwa kwamba Sista akifa atakayemlilia labda Serikali. Ottilia ilimbidi ayapokee maneno hayo, ayameze, kisha atoe kwa Kiswahili kitu kingine: anasema Kunigunda hachezi na wenzake, anasema Kunigunda hana wa kumwambia shida zake. Na aliyemchagua Kunigunda kwenye kucheza au kwenye siri, Ottilia alimpa mwingine. Jioni alikula na Daktari sahani moja na chakula hakikuwa na ladha.

Zamu ya Kunigunda mwenyewe ilipofika, aliketi kwenye gunia akakunja mikono na kuangalia miguu yake, kama anavyotakiwa kufanya mtoto aliyelelewa vizuri mbele ya mgeni. Ottilia alimjua. Kisimani alikuwa kasuku, akianza kusimulia ndoo hufurika. Hapa alijibu kwa neno moja moja. Na lilipokuja lile swali la mwisho, aliinua macho akamtazama Ottilia kwa huruma, akayainamisha tena. Hakujibu. Katika watoto wote waliopita pale, ni yeye peke yake aliyeona haya kumtaja mtu mzima akiwa ameketi mbele yake.

"Amenyamaza," Daktari alisema taratibu, na akaandika.

Jioni Daktari alichora miduara kwenye karatasi kubwa, kila mtoto duara lake, na mishale ya nani kamtaja nani. Akamwita Ottilia aje aone. Mishale ilikuwa imemwangukia mmoja.

"Sijapata kuona hivi mahali popote," alisema. Hakuwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo. Alikuwa na hofu. "Huko nilikosoma palikuwa na kijana mmoja aliyetajwa na wenzake hivi. Tulichelewa. Alijitupa mtoni. Huyu sitamwacha, Dada. Nitaondoka naye. Kuna wenzangu hospitalini Dar es Salaam watamwangalia kwa miezi michache."

Ottilia akasema, "Labda atazoea. Kijiji bado kipya."

"Wewe una watu. Hujui mtu asiye na watu anavyoisha akiwa anatembea."

Ottilia akainuka akaenda kuosha sahani, na sahani ilikuwa imekwisha kuoshwa.

Habari kijijini haihitaji miguu. Kufikia kesho yake ilijulikana kwamba daktari wa akili amepata ugonjwa kwa Kunigunda na anamchukua. Ugonjwa gani, hakuna aliyejua, na usiojulikana ndio huogopwa. Akina mama wakawaita watoto wao. Sinia la kwa bibi yake Kunigunda, ambalo wajukuu na majirani walikuwa wakiligombania, likapungua mikono. Wasichana waliokuwa wakianika usipa pamoja naye wakahamishia samaki wao kichanja cha mbali. Ottilia aliyaona haya yote kupitia lile dirisha la stoo. Msichana aliyekuwa akiongea kama maji sasa alikuwa anageuza usipa mmoja mmoja, polepole, ili kazi isiishe upesi. Ottilia aliijua ile namna ya kuifanya kazi isiishe. Yeye mwenyewe ndivyo alivyokuwa akifagia.

Asubuhi ya safari Landrova iliwashwa mapema. Daktari hakutaka kumchukua mtoto wa watu kama mzigo, akaomba wazazi waje ofisini waelezwe mbele ya balozi wao wa nyumba kumi, Mzee Urban. Mansuetus alikuja na vumbi la mti kwenye nywele. Mkewe Perpetua alikuwa ameshika kifurushi. Gauni la Kunigunda lilikuwa limefuliwa na kukunjwa. Watu hawa mwaka uliopita waliambiwa pandeni lori, wakapanda. Hawakuja kubisha. Kiswahili walikijua cha sokoni, lakini jambo zito walitaka walisikie kwa lugha yao, kwa hiyo Ottilia akasimama katikati.

Daktari alieleza vizuri, kwa huruma, akachagua maneno. Ottilia akatafsiri sentensi baada ya sentensi, sauti yake ikienda kama ya mtu mwingine. Kunigunda alisimama ukutani. Perpetua alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Mwulize, nani amesema mwanangu hana mwenzake? Analala kwa bibi yake, wajukuu wanne mkeka mmoja, kila siku nawaamulia ugomvi."

Ottilia akatafsiri.

"Mwambie ni watoto wenyewe waliosema," Daktari alijibu. "Wengi wao."

Ilikuwa rahisi sana kulitafsiri hilo. Maneno yenyewe machache. Angeyasema, gari lingeondoka, barua zingekuja kutoka Dar es Salaam, na mahali fulani duniani pangekuwa na mtu mmoja anayeamini kwamba Ottilia Kinunda ana watu. Alifungua mdomo. Akamwona Kunigunda ukutani, anamtazama tena kwa yale macho yake ya stoo, kana kwamba anayeondoka ni Ottilia.

"Watoto hawakumtaja Kunigunda," alisema kwa Kinyasa. "Walinitaja mimi. Mimi ndiye niliyeliweka jina lake."

Kisha akamgeukia Daktari akayarudia kwa Kiswahili, yote, bila kuacha neno la yule aliyesema kuku wala la yule aliyesema Serikali.

Mzee Urban alikohoa, akatazama dari. Mansuetus alimtazama mkewe. Perpetua hakushtuka hata kidogo.

"Wewe kukosa mwenzako tunakujua sote," alisema. "Watoto wangesema nini? Ulipohamia mimi nilikuletea ugali na samaki mpaka mlangoni, ukasema asante, umeshiba. Mama Getrude akaleta, ukasema umeshiba. Ida akaleta. Tukasema huyu ana mwiko wa masista, hali na watu. Tukakuheshimu. Tukawakataza na watoto wasikusumbue wakati wa kula."

Ottilia alisimama pale akiwa hana pa kuweka mikono. Utawani ndivyo walivyofundishwa: ukikaribishwa, kataa kwanza kwa upole, kubali ukibembelezwa. Na kule daima kulikuwa na sista wa kukubembeleza. Alikuwa amekaa ziwani mwaka mzima na zaidi akingoja kubembelezwa, na wao mwaka mzima na zaidi wakijizuia wasimvunjie mwiko wake.

"Lakini mwanangu alikukosea nini?" Perpetua aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Wewe unaona haya, ndiyo. Umempa yeye. Tazama, hawachezi naye tena. Gari likiondoka leo, hilo unaliondoaje?"

Perpetua akamshika mtoto wake mkono, akaliacha kila neno la ofisini hapo hapo, wakaenda zao na kifurushi chao.

Daktari alikuwa amevua miwani. Alitoka akaenda nyumbani kukusanya vitu vyake, Ottilia nyuma yake. Daktari alikuwa anakunja mashuka ambayo hayakuwa yake.

"Kijiji hiki nitakitoa chote kwenye utafiti," alisema mwishoni. "Siwezi kujua jibu lipi ni la watoto na lipi ni lako."

"Najua. Naomba radhi."

"Kila jioni tumekaa hapa. Kila jioni, Dada! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nina watu."

"Nawe ukaniacha niamini."

"Nilitaka iwe hivyo," Ottilia alisema. "Ukiwa hapa ilikuwa hivyo."

Daktari alifumba macho kidogo. Alionekana kutaka kusema jambo, pengine jema, lakini dereva akapiga honi. Mlangoni akampa Ottilia mkono, mkono ulionyooka wa kiofisi. "Asante kwa kunipa malazi, Bibi Maendeleo," alisema. Tangu siku ile ya sahani hakuwa amemwita ila Dada. Landrova ikapanda barabara ya Mbinga, na Ottilia akabaki kutazama vumbi mpaka likatua.

Alishinda ndani. Wakati wa kupika ulipofika hakuwasha moto, alikosa sababu. Jua lilikuwa linaelekea upande wa Malawi na moshi wa majiko ya wenzake umeanza kupanda, aliposikia hodi. Alikuwa Kunigunda, na bakuli lililofunikwa kwa kawa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama amesema ule mimi nikiwepo. Nirudi na bakuli."

Ulikuwa ugali wa muhogo na samaki mbasa wa mchuzi, vya kumtosha mwanamume mchonga mitumbwi. Ottilia aliketi kizingitini akala. Kunigunda alimgeuzia mgongo, kwa kuwa mtoto hamkodolei macho mkubwa anapokula, akawa anawatazama kuku. Chakula kilipita kwa shida mwanzoni. Ottilia alikula mpaka tonge la mwisho, akafuta mchuzi kwa kidole.

"Kunigunda, nimekukosea."

Msichana alifikiri. "Mimi sikukutaja," alisema bila kugeuka.

"Najua. Nilikuwepo."

"Wenzangu wamehama kichanja."

"Na hilo nalijua."

Kuku mmoja alipita katikati yao akadonoa kitu kisichokuwepo. Ottilia aliona haya kuuliza alichotaka kuuliza, kisha akakumbuka kwamba haya yake imekwisha kuanikwa mbele ya balozi, imebaki nini cha kuficha.

"Kesho utaniletea tena?"

"Mama hakusema habari ya kesho."

Lilikuwa jibu la kweli, na Ottilia alilipokea kama lilivyo. Aliosha bakuli. Kunigunda akanyoosha mikono alichukue, lakini Ottilia hakumpa. Alilishika mwenyewe, akafunga mlango kwa nje, wakaondoka wote wawili. Walipita katikati ya kijiji wakati ambao kila mtu yuko nje. Watoto waliokuwa wakicheza wakasimama. Akina mama wakainua vichwa kutoka kwenye sufuria. Hapana aliyeita, na hapana aliyewafuata. Kunigunda alipunguza mwendo akawa anatembea nyuma yake, kisha akaongeza, akawa ubavuni.

Perpetua alikuwa jikoni na mama mkwe wake na Ida wa nyumba ya tatu. Alimwona Ottilia na bakuli lake.

"Hilo angelileta mtoto."

"Nimekuja kukaa," alisema Ottilia.

Perpetua alimtazama kwa muda ambao ugali ungeweza kuungua. Hakusamehe; uso wake haukuwa na habari hizo. Akasogeza mguu wake kidogo, mkekani pakapatikana nafasi, Ottilia akaketi. Wale wanawake wakaendelea na mazungumzo yao ya mtu na mkwe wake, watu asiowajua, habari iliyoanza kabla hajafika. Hakuna aliyemwelezea. Kunigunda aliketi karibu naye kwa sababu upande wa pili wa sinia, penye watoto wa Ida, hapakuwa na aliyesogea kumpisha. Ottilia alijiona mgeni kuliko siku aliyoshuka na kisanduku chake, na moshi ukamwingia machoni, akauachia.

Ugali ukaepuliwa, ukapinduliwa kwenye sinia, ukatoa mvuke. Mikono ikaingia. Perpetua akamega kipande, akakisukuma mbele ya Ottilia bila kumwangalia.

"Karibu," alisema, mara moja tu.

Ottilia tumbo lilikuwa limejaa mpaka kifuani, amejaa kweli kweli, kuliko siku yoyote tangu aje ziwani. Akanawa, akakata tonge, akala.